Shada, Nyota na Kandili: Historia ya Kazi za Mikono za Familia Kuelekea Krismasi

Washarika wengi waliolelewa katika Kanisa la Kilutheri wanalifahamu shada la Majilio: duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, inayowashwa mmoja baada ya mwingine kila Jumapili mpaka Krismasi ifike. Wengine wamezoea kuliona karibu na madhabahu. Wengine wameliona katika picha tu. Ni wachache waliopata kuelezwa kwamba shada hilo halikubuniwa na askofu wala na mtaalamu wa liturgia. Lilitengenezwa kwa gurudumu kuukuu, kwa ajili ya watoto ambao hapakuwa na nyumba iliyowataka. Usharika unapotimiza miaka mia moja hutazama pia mizizi ya yale uliyoyapokea. Kwa hiyo inafaa habari hiyo isimuliwe kwa kirefu kidogo, pamoja na habari za kazi nyingine za mikono ambazo familia za Kikristo katika Ujerumani zilizifanya tangu mavuno hadi Krismasi.

Kazi hizo zilizaliwa na majira. Katika nchi za kaskazini ya Ulaya mavuno yakiisha mwezi Septemba, majani ya miti hugeuka rangi ya dhahabu na ya damu, kisha hupukutika, na usiku huanza kuula mchana. Mjini Hamburg, tarehe 21 Desemba, jua huonekana kwa muda wa saa 7 na nusu tu. Mkulima wa zamani hakuweza kulima wala kuchunga katika giza na baridi ya namna hiyo. Aliketi ndani pamoja na mkewe, watoto, na mara nyingi babu na bibi, wote wakiizunguka taa moja. Mikono iliyozoea jembe haikuweza kukaa bure. Ilisuka, ilichonga, ilishona, na ilipokaribia sikukuu ilitengeneza vitu vya sikukuu.

Cha kwanza kilikuwa taji la mavuno. Masuke ya ngano, ya shayiri na ya nafaka nyingine yalifungwa juu ya matao ya fito hadi yakawa mfano wa taji la mfalme, nalo likapelekwa kanisani. Desturi hiyo ingali ipo, na Wajerumani wengi huiadhimisha Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Mkristo wa Tanzania anayefika kanisani na mkungu wa ndizi, debe la mahindi au jogoo chini ya kwapa siku ya Sikukuu ya Mavuno hahitaji kufafanuliwa maana yake. Tofauti ni kwamba kule taji huning'inizwa na kubaki likitazamwa, na huku mazao hunadiwa, na jogoo mmoja aweza kununuliwa mara tatu kabla hajapata mwenyewe.

Baada ya mavuno huja kandili za Martin. Tarehe 11 Novemba Kanisa la Magharibi humkumbuka Martin wa Tours, yule askari aliyekata joho lake akampa maskini nusu. Martin Luther alizaliwa Eisleben tarehe 10 Novemba 1483 na kubatizwa kesho yake, ndiyo maana akapewa jina hilo. Basi katika baadhi ya majimbo ya Kiprotestanti siku hizo mbili zilikumbatiana. Huko Ostfriesland, pwani ya kaskazini, watoto hutoka jioni ya tarehe 10 wakiimba mlango kwa mlango kwa kumkumbuka Mwanamatengenezo. Mjini Erfurt umati wa watoto hukusanyika jioni hiyo hiyo kwa ajili ya Martin wote wawili, Wakatoliki na Walutheri pamoja. Zamani kandili zao zilikuwa bitiruti kubwa za kulishia ng'ombe. Baba alikata kifuniko, mtoto akachokoa nyama ya ndani kwa kijiko, wakatoboa macho na mdomo, wakatia kipande cha mshumaa. Karatasi za rangi zilikuja baadaye.

Nyumba ya Hamburg

Johann Hinrich Wichern alizaliwa Hamburg mwaka 1808, akiwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto saba. Alipokuwa na umri wa miaka 15 baba yake alifariki, naye akalazimika kufundisha watoto wa watu ili wadogo zake wale. Alipomaliza masomo ya theolojia alisimamia shule ya Jumapili katika mtaa wa St. Georg, akaingia vyumba vya maskini wa bandari ile. Aliona watoto walala pembeni, wezi wadogo, watoto ambao wazazi wao walikuwa hai lakini hawakuwa wazazi tena. Njia iliyozoeleka wakati ule ilikuwa kuwafungia katika magereza au katika majumba makubwa ya yatima, mamia kwa pamoja, wakipangwa kama askari.

Wichern alichagua njia nyingine. Mwaka 1833 alipewa nyumba ndogo ya kizamani yenye paa la nyasi katika kijiji cha Horn, nje ya mji, iliyoitwa Rauhes Haus. Alihamia humo pamoja na mama yake, akaanza kuwapokea wavulana; wasichana walifuata baada ya miaka michache. Hapakujengwa ukuta wala geti. Mtoto alipoingia aliambiwa kwamba yaliyopita yamesamehewa na hayatatajwa. Wala hawakukaa katika bweni moja kubwa. Waligawanywa katika jamaa za watoto kumi au kumi na wawili, kila jamaa na nyumba yake, pamoja na kijana mkubwa aliyeitwa ndugu. Vijana hao ndio waliokuja kuwa mashemasi wa kwanza wa Umisioni wa Ndani, kazi ambayo Wichern aliitetea mbele ya mkutano wa Wittenberg mwaka 1848 na ambayo matunda yake Walutheri wa Tanzania huyaita leo Diakonia. Palikuwa na shamba na karakana. Nyumba zenyewe zilipojengwa, watoto walishiriki kuzijenga.

Inasimuliwa kwamba kila Desemba watoto wale walikuwa wakiuliza kila siku ni lini Krismasi itafika. Ye yote aliyepata kulea mtoto analijua swali hilo. Lakini kwa watoto ambao walikuwa wameahidiwa mengi na wasipewe, swali hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Kuwaambia wangoje hakukutosha. Walikwisha kungoja sana katika maisha yao. Ilipasa waione ahadi ikisogea.

Mwaka 1839 Wichern alichukua gurudumu kuukuu la gari la kukokotwa na farasi, akapanga juu yake mishumaa 24: minne mikubwa myeupe na 20 midogo myekundu. Hesabu hiyo haikuwa ya kubahatisha. Mwaka ule Jumapili ya kwanza ya Majilio ilikuwa tarehe 1 Desemba, kwa hiyo hadi mkesha wa Krismasi zilikuwapo Jumapili nne na siku nyingine 20. Kila siku watoto walipokusanyika kwa sala mshumaa mmoja zaidi uliwashwa, na Jumapili ukawashwa ule mkubwa. Mtoto asiyejua kusoma aliweza kuinua macho na kuhesabu mwenyewe zilizobaki. Kila jioni duara lile lilikuwa na mwanga zaidi kuliko jana yake.

Gurudumu la kwanza halikuwa na majani. Matawi ya msonobari yaliongezwa baadaye, yapata mwaka 1860, nayo yakakaa vizuri sana hata watu wakadhani kwamba majani ndiyo shada. Mashemasi waliofunzwa pale walipotumwa katika miji mingine walilichukua shada pamoja nao. Nyumba za kawaida hazikuwa na dari la kubeba gurudumu, wala fedha za mishumaa 24. Ndivyo ile midogo ilivyoachwa ikabaki minne tu. Mwaka 1925 shada lilitundikwa katika kanisa la Katoliki mjini Köln. Tangu hapo halikuwa mali ya Waprotestanti peke yao, na hakuna Mlutheri mwenye busara atakayelalamika.

Nyota ya watoto walio mbali na kwao

Habari ya nyota ya Herrnhut ina uchungu zaidi. Herrnhut ni kijiji cha Ndugu wa Moravian, kilichoanzishwa mwaka 1722 katika ardhi ya Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, na tangu Julai 2024 kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kanisa lile dogo lilituma wamisionari tangu mwaka 1732, kwanza Karibiani, kisha Greenland, Suriname, Afrika Kusini na kwingineko. Wengi waliokwenda walikuwa na watoto. Kwa sababu ya homa na kwa ajili ya masomo, watoto wao wakiwa bado wadogo sana walirudishwa Ulaya na kuwekwa katika shule za bweni za kanisa. Kulikuwa na wazazi na watoto waliokaa miaka mingi bila kuonana, na wengine hawakuonana tena. Utaratibu huo ulikuwa bado haujakoma ndugu wa kwanza wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891. Vitabu vya historia ya misheni husifu sadaka ya wazazi. Watoto, ambao hawakuulizwa, hutajwa kwa nadra.

Katika mojawapo ya shule hizo, huko Niesky, nyota ya karatasi yenye ncha 110 ilitundikwa mwaka 1821, shule ilipokuwa ikiadhimisha miaka 50. Ilikuwa kwanza zoezi la jiometri. Mwalimu aliwapa wanafunzi karatasi, mkasi na gundi ili waone kwa mikono jinsi maumbo yanavyojengana. Zoezi likageuka kuwa desturi ya Majilio. Jumapili ya kwanza ya Majilio wavulana waliketi pamoja wakakunja ncha zao, wakaziunganisha, wakatia taa ndani, nayo nyota ikaning'inia katika chumba cha watoto ambao baba zao walikuwa ng'ambo ya bahari. Walipokua waliipeleka kazi hiyo katika nyumba zao wenyewe. Mtu aliyejifunza kutengeneza nyota bila baba wala mama aliwaketisha wanawe mezani akawafundisha.

Mwishoni mwa karne ya 19 Pieter Hendrik Verbeek, mwenye duka la vitabu Herrnhut, alitafuta namna ya kuifanya nyota ifungwe na kufunguliwa bila kuharibika, akaanza kuiuza. Nyota inayojulikana leo ina ncha 25: 17 za pande nne na 8 za pande tatu. Kiini chake kina nyuso 26, na uso mmoja huachwa wazi kwa ajili ya kutundikia na kupitishia taa. Baada ya Vita Kuu ya Pili karakana ile ilichukuliwa na serikali ya Ujerumani Mashariki, baadaye ikarudishwa kwa Kanisa. Hata leo nyota huuzwa vipande vipande, ili familia iiunge yenyewe nyumbani.

Kazi ya furaha na kazi ya njaa

Si haki kuzieleza kazi hizi kana kwamba zote zilifanywa kwa nyimbo na chai. Katika milima ya Erzgebirge, mpakani mwa Saxony na Bohemia, watu waliishi kwa kuchimba fedha na bati. Migodi ilipofifia, wachimbaji na wake zao waligeukia miti iliyowazunguka. Katika kijiji cha Seiffen na jirani zake walikereza wanasesere wa kuvunjia kokwa, malaika wenye mishumaa, na minara ya mbao ambayo hewa moto ya mishumaa huizungusha. Walibuni ufundi ambao mgeni huustaajabia: pete nzima ya mti hukerezwa, kisha hupasuliwa kama mkate, na kila kipande kikawa ng'ombe au farasi. Tao la mishumaa liwekwalo dirishani nalo ni lao. La zamani zaidi linalojulikana, la chuma, lina tarehe ya 1740, na picha zake humwonyesha mchimba mgodi katika mavazi yake. Kwa wachimbaji walioingia chini ya ardhi kabla ya alfajiri na kutoka baada ya machweo, taa dirishani halikuwa jambo dogo.

Lakini walipokuwa wakizitengeneza ili watoto wa wengine wafurahi, watoto wao wenyewe walikuwa kazini. Meza ya familia ilikuwa kiwanda. Wadogo walipaka rangi na kubandika mikia ya farasi mpaka usiku, kwa malipo ya senti chache ambazo mfanyabiashara wa kati ndiye aliyezipanga. Huko Lauscha, katika misitu ya Thuringia, hali ilikuwa hiyo hiyo: baba alipuliza tufe za kioo, mama akazitia maji ya fedha kwa ndani, watoto wakazipaka na kuzifunga, nazo zikasafirishwa hadi Marekani kupamba miti ya watu wasiowajua. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1903 ndiyo ya kwanza iliyothubutu kuingia ndani ya nyumba na kuweka mipaka ya kazi ya watoto katika karakana za wazazi wao. Anayeitaja kazi ya mikono ya familia kuwa baraka yampasa kuuliza kwanza kama mtoto aweza kuinuka mezani akaenda kulala.

Hapa yafaa pia kusahihisha jambo moja linalopendwa na Walutheri. Picha ya Martin Luther ameketi na Katharina na watoto chini ya mti wa Krismasi imezunguka dunia nzima, na wengi huamini kwamba yeye ndiye aliyeuanzisha. Picha hiyo ilichongwa na Carl August Schwerdgeburth mwaka 1843, karibu miaka 300 baada ya Luther kufa. Mti uliopambwa unatajwa waziwazi mjini Strasbourg mwaka 1605, ukiwa na waridi za karatasi, matufaha na vitu vitamu. Luther aliwapenda watoto wake na aliitunza Krismasi. Hilo linatosha, wala halihitaji mti.

Upande wa kusini, katika nyumba ya kichungaji ya Maulbronn, mama mmoja alimshonea mwanawe Gerhard biskuti 24 juu ya kadibodi, ale moja kila siku. Gerhard Lang alipokuwa mtu mzima alikuwa mwenye kiwanda cha uchapaji mjini München, na mwanzoni mwa karne ya 20 alichapa kalenda ya Majilio kwa kumbukumbu ya kadibodi ile. Haikupita miaka mingi, serikali ya Wanazi ikaikodolea macho kalenda hiyo. Wakati wa vita, karatasi ilipokosekana kwa wachapaji wa Kanisa, ilipatikana kwa chama. Chama kilitoa kitabu chake cha siku za kabla ya Krismasi, chenye mapishi, hadithi na michoro ya kukata na kubandika, na ndani yake shada likaitwa gurudumu la jua na Mtoto wa Bethlehemu hakuonekana. Watawala wale hawakuwa wajinga. Walijua kwamba imani ya mtoto hukatwa na kubandikwa mezani kwa mama kabla haijafika katekisimu.

Kufika Kilimanjaro

Wamisionari wa Leipzig walipoanza kazi Machame mwaka 1893 walileta Biblia, dawa, mbegu na desturi za nyumbani kwao. Husemwa mara kwa mara kwamba shada la Majilio lilikuja pamoja nao. Historia ya shada lenyewe inaelekeza vingine. Mwaka 1893 lilikuwa bado halijaenea katika nyumba za Saxony. Lilienea hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Yaelekea mti na mishumaa ndivyo vilivyotangulia, na shada likafuata polepole kwa mikono ya watu wa vizazi vya baadaye.

Vyo vyote ilivyokuwa, majira yaligeuka. Desemba ya Moshi haina giza la Hamburg. Mchana ni wa saa 12 na zaidi kidogo, vuli inamalizika, na theluji ipo kileleni tu. Mshumaa wa nne huwashwa jua likiwaka madirishani. Msonobari haukuwapo, ikatumika miberoshi iliyopandwa. Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kuhitimisha kazi yake Uchagani mwaka 1938, alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vyombo ambavyo Injili huvitumia. Kwa kipimo hicho Mchagga asukaye shada kwa majani ya isale, yale yale ambayo wazee huyapeleka kuomba msamaha, ameliweka shada mahali ambapo Wichern angepatambua mara moja, kwa kuwa nyumba yake nayo ilianza kwa msamaha.

Desemba ndiyo pia majira ambayo wana wa mlimani hurudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, mabasi yakijaa hadi mlangoni, na nyumba ya babu iliyokaa kimya mwaka mzima hupata wajukuu wa kukata karatasi na kufunga matawi. Wakitaka kulitengeneza shada la Rauhes Haus jinsi lilivyokuwa, na si lile lililopunguzwa, gurudumu la baiskeli lililochakaa linatosha, nayo mishumaa midogo sharti ihesabiwe upya kila mwaka. Jumapili ya kwanza ya Majilio huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba. Mwaka 2022 iliwahi kuliko kawaida, ikahitajika midogo 24. Mwaka 2023 ilichelewa, ikatosha 18. Ile mikubwa ni minne siku zote, na kazi ya kuhesabu mingine ilikuwa, tangu mwanzo, ya watoto.